Wavuvi wa dagaa na usingizi wa mchana: wafanyeje?

Mwalo_Kayenze
Habari za majukumu, wakuu. Swali linahusu vijana wanaovua dagaa kwa taa hapa Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kipindi cha giza wanaingia ziwani jioni, wanarudi alfajiri, wanalala mpaka saa nne, kisha macho makavu mchana kutwa. Mbalamwezi ikikomaa wanapumzika nchi kavu, na hapo usiku nao unakataa. Hasira ziko puani, na wengine wameanza kuvuta usingizi kwa pombe kali. Tunaomba utaratibu ambao kambi nzima itaufuata.

Nesi_Igombe
Anzeni na jua la asubuhi. Likiingia machoni saa moja, mwili unaamini kumekucha. Wakishafunga mtumbwi wavae kofia ya ukingo mpana, waoge, wale kidogo, wawe wamelala kabla ya saa mbili. Hesabu ya mgawo ihamie saa tisa alasiri. Najua italeta ubishi, kila mtu anataka kuona chake. Basi ndoo ziandikwe daftarini palepale mbele ya wote, fedha igawanywe baadaye. Mtu aliyetoka kugombania hesabu halali.

Chumba nacho. Zibeni matundu ya misumari kwenye bati: tundu moja linatupa doa la mwanga kama sarafu, nalo linatambaa ukutani mpaka limfikie mtu usoni. Dirishani wekeni blanketi zito. Chini ya bati tandazeni mikeka mkiacha nafasi ya hewa, maana kuanzia saa tano bati linachemka. Chandarua kibaki hata mchana.

Usingizi ukikatika mapema, walale tena alasiri kwa muda wa saa moja na nusu, waamke angalau nusu saa kabla ya kugusa injini ili uzito wa kichwa uishe. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu mwisho saa saba usiku. Baada ya saa tano au sita, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Mshauri_Nyamagana
Kuhusu pombe: inaleta usingizi haraka, kisha inauvunja katikati. Mtu anaamka na kiu, mkojo na moyo unaokwenda mbio, kesho anaongeza kipimo. Lakini anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuona vitu visivyokuwepo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Anaweza kupata degedege.

Mwalo_Kayenze
Asante sana, dada nesi, na wewe mshauri. Na zile siku za mbalamwezi?

Mshauri_Nyamagana
Asubuhi ya kwanza walale kwa muda wa saa mbili au tatu tu, waamshwe, wakae juani wakishona nyavu. Kulala iwe ikifika saa nne usiku. Usingizi usipokuja kwa muda wa kama dakika 20 (wakadirie tu, wasitazame simu), watoke kitandani, wakae penye mwanga hafifu, warudi macho yakiwa mazito. Kugaagaa kunafundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa mawazo. Saa ya kuamka iwe ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Siku za mwanzo ni ngumu, na wengi wanakosea hapo kwa kulipiza usingizi mchana.

Nesi_Igombe
Naongeza hili kwa msisitizo. Huzuni au kutofurahia chochote karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na kukosa hamu ya kula au kujiona mzigo, si uchovu wa ziwa. Aende zahanati, aseme wazi kwamba anafanya kazi usiku. Wataona kama inafaa kumpa rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Asinunue vidonge vya usingizi dukani, na asivichanganye kamwe na pombe.

Mkiwa na wasiwasi na mwenzenu, muulizeni kwa utulivu, faraghani: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake na asiingie ziwani. Ondoeni sumu ya pamba na kamba alipo, na mtu anayemwamini amsindikize hospitali.