Hita imenichemshia matumbawe usiku kucha, muuzaji ananiambia niandikie kiwanda!

Wakuu, leo nina hasira, nikipitiliza mnivumilie.

Nipo Uingereza, sebuleni nina tangi la maji ya chumvi la lita 180 lenye matumbawe. Duka ninalonunulia vifaa lilinikomalia nichukue hita ya wati 300. Nikasema mbona kubwa? Eti "hii ndiyo inayodumu". Nikauliza kama nahitaji kidhibiti joto cha pembeni, wakacheka: hita ina thamostati (swichi ya joto) yake ndani, hela ya nini?

Imedumu miezi mitatu. Asubuhi nimekuta maji yana nyuzi 33, hita imewekwa 25 na bado inawaka! Konokono wamelala chini, chaza kaachama, Acropora, yale matumbawe ya matawi, zinachunika ngozi na kubaki mifupa mieupe. Samaki wanahema juujuu kwa sababu maji ya moto hayashiki oksijeni ya kutosha. Na wale wa "si visamaki tu hivyo", uzi huu hauwahusu.

Ubovu wenyewe fundi yeyote wa umeme anaujua. Ndani ya thamostati za bei poa kuna vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vikiachana vinapiga cheche, cheche inavila, mwisho vinagandana na hita haizimi tena. Wati 300 kwenye lita 180 zinaweza kupandisha zaidi ya nyuzi moja kwa saa kabla hujatoa joto linalopotea hewani. Hita mbili za wati 100 zingetosha kabisa, na moja ikigandia haina ubavu wa kulichemsha tangi. Kidhibiti walichokicheka hakifiki hata pauni 50. Halafu hawa ndio wataalamu!

Nikawapigia simu nikiwa bado nahangaika. Ushauri wa kwanza: mwaga maji yote, jaza mapya. Jamani, kiumbe katoka kuungua, unambadilishia kila kitu kwa mpigo mmoja? Ushauri wa pili: njoo ununue chupa ya bakteria wa kusafisha maji, tunazo. Yaani mtu yuko msibani anakuuzia sanda.

Nikaachana nao. Nilichomoa hita, nikaelekeza pampu juu maji yarukeruke yapate hewa, joto nikalishusha taratibu mpaka jioni. Mizoga nje yote, maana ikioza inatoa amonia, na amonia ndiyo inayowamalizia walionusurika. Nikaweka kaboni mpya ya kunyonya uchafu kwenye kichujio. Maji nabadilisha kidogokidogo, chumvi gramu 35 kwa kilo moja ya maji, joto lilingane na la tangini, na amonia napima kila siku. Taa nimezipunguza, kwa sababu tumbawe lililopauka limeshatema vimwani vinavyolilisha na mwanga mkali unazidi kuliumiza. Ni yaleyale ya 1998, bahari yetu ilipopata moto na matumbawe ya Mafia na Malindi yakapauka na kufa kwa wingi. Mawe sijayagusa, bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo. Kati ya wale jamaa wa matumbawe wasio na mifupa, Zoanthus zimeanza kufunguka, Discosoma zimejikunja ila zipo hai. Acropora ndiyo basi tena.

Nimerudi dukani na hita na risiti. Meneja: "wasiliana na kiwanda." Hapana bwana! Sheria ya haki za walaji ya 2015 inambana aliyeniuzia, siyo kiwanda, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 inahesabiwa ilikuwepo tangu nilipokabidhiwa bidhaa, labda yeye athibitishe vinginevyo. Alipoona naijua, akanirudishia hela ya hita. Ya hita tu! Matumbawe anasema hayamhusu, kwani "viumbe hai hufa".

Sasa mlioko England, kuna aliyewahi kudai hasara ya namna hii kwenye mahakama ya madai madogo akalipwa? Kikomo ni pauni 10,000, mimi sifiki hata robo. Picha za kipimajoto ninazo, za mizoga ninazo, na hita waliitaka nikakataa kuiacha. Kinachonisumbua ni bei: baadhi ya matumbawe nilinunua na risiti zipo, lakini mengine ni vipande tulivyobadilishana na wafugaji wenzangu, nimevikuza mwenyewe mpaka vikawa vikubwa. Hivyo mahakamani vinathaminiwaje? Barua ya madai nataka kuipeleka wiki hii.