Mpango wa usalama wa video ya wimbo wa wanafunzi, Mtwara: unaandikwaje?

Mwanachuo wa Mtwara

Wadau, salaam. Sisi ni wanafunzi wanne wa chuo kimoja hapa Mtwara mjini, na mwezi Julai tunatarajia kurekodi video ya wimbo wa mwenzetu, tukiwa na wachezaji sita. Tumechagua maeneo matatu: miamba ya Shangani maji yakiwa yamekupwa, shamba la mikorosho la babu wa mmoja wetu, na barabara ya Mikindani, ambako mpiga picha atapanda bodaboda akiwa ametazama nyuma ili amrekodi mwimbaji aliyepanda bodaboda nyingine. Mkufunzi ameurudisha mpango wetu wa usalama kwa sababu kila hatari tumeiandikia jibu lile lile, kwamba tutakuwa waangalifu. Naomba kuelekezwa, kwani kamera tumeazima kwa siku mbili tu na sitaki mtu aumie kwa ajili ya kazi yetu.

Mpiga picha, Mikindani

Mdogo wangu, mkufunzi wako amewatendea haki. Maneno "tutakuwa waangalifu" hayasemi ni nani atafanya nini, wala saa ngapi.

Anza na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo ratiba uliyoipima wiki iliyopita haifai wiki hii. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Mwamba hukauka mbali sana, watu wakavutika kwenda mbele, kisha maji yanaporudi hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yao kabla hayajafika miguuni pao. Waulizeni wavuvi wa hapo hapo, kisha mwandike saa ya kuingia na saa ya kutoka, na saa ya kutoka iheshimiwe hata kama kipande hakijakamilika. Mtu mmoja asipewe kazi nyingine yoyote isipokuwa kutazama maji. Wote wavae viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu ya miiba na samaki wenye sumu wanaofanana na mawe.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni muziki wenyewe. Niliwahi kumwona mchezaji akirudi kinyumenyume kuelekea ukingo wa mwamba huku sisi sote tukipiga kelele, naye hasikii kitu kwa sababu spika ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Alinusurika kwa hatua moja. Tangu siku hiyo, anayeshika spika husimama mahali anapomwona mtazamaji wa maji. Kitambaa chekundu kikiinuliwa, wimbo unazimwa papo hapo, na kila mchezaji ameshaelezwa kwamba wimbo ukikatika anasimama alipo.

Mkulima wa Lindi

Naongezea kuhusu shamba. Julai ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na kazi hiyo hufanywa alfajiri upepo ukiwa umetulia, yaani saa ile ile ambayo wapiga picha huipenda kwa mwanga wake. Vumbi la salfa huwasha macho na kubana kifua, hasa kwa mwenye pumu. Msimuulize babu peke yake. Waulizeni na majirani, maana vumbi halijui mpaka wa shamba. Jenereta iwekwe mahali palipofagiliwa majani makavu, mbali na watu, na isitiwe petroli ikiwa bado ya moto.

Muuguzi, Mtwara

Kipande cha bodaboda nakuomba ukifute kabisa. Barabara hiyo ndiyo ya mabasi na malori yaendayo Lindi na Dar es Salaam, na mtu aliyegeuka nyuma ameshika kamera kwa mikono miwili hana cha kujishikilia pikipiki inapokwepa shimo. Kofia ngumu haitoshi kumwokoa. Mrekodini mwimbaji akiwa juu ya pikipiki iliyosimama, ndani ya uwanja uliofungwa.

Aidha, kila mshiriki aulizwe faragha kama ana pumu, kifafa au tatizo la moyo. Wekeni gari lenye dereva asiyecheza wala kurekodi, na muwe na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi.

Mwanachuo wa Mtwara

Nawashukuru sana. Bodaboda tumeiondoa. Babu amethibitisha kwamba jirani yake atapuliza salfa wiki ile ile, kwa hiyo kipande cha shamba tumekihamishia alasiri, baada ya kukubaliana naye. Kesho tunakwenda Shangani bila kamera, saa ya maji kupwa, tukiwa na mvuvi mmoja, ili tupime inachukua dakika ngapi kutoka mwambani hadi ufukweni tukiwa tumebeba spika.

Mpiga picha, Mikindani

Pimeni kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote, kisha mzidishe mara mbili. Muda huo ndio muutoe kwenye saa ambayo mvuvi atawaambia maji yanaanza kurudi.