Nikiimba, sauti inanifuata nyuma kama mwangwi

Wakuu, habari za jioni. Narekodia chumbani hapa Tanga: laptopu ya Windows na kadi ya sauti ya nje ya USB. Nikiimba, sauti inarudi kwenye hedifoni imechelewa, kama kuna mtu ananiigiza. Bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuishughulikia) iko sampuli 1024, kwa 44,100 Hz, yaani sampuli 44,100 kila sekunde. Nimebadili kebo mara mbili, wapi!

— Kebo haina kosa, mkuu. 1024 gawanya kwa 44,100: karibu milisekunde 23, na hiyo ni kuingia tu, kutoka ni nyingine 23. Shusha hadi 128, inabaki kama 3 kila upande. Ikikwaruza, panda 256.

— Angalia draiva kwanza, yaani programu inayounganisha kadi na Windows. Kama programu ya kurekodia haitumii ASIO (draiva ya sauti isiyochelewesha) ya kadi yenyewe, utashusha bafa mpaka uchoke.

— Loh, ilikuwa MME, ile draiva ya zamani ya Windows inayochelewesha! Nimeweka ASIO, 128, imenyooka. Ila nikiwasha rivabu (ule mwangwi wa kupamba sauti) inakwaruza.

— Rivabu iache mpaka umalize kuimba, kisha rudisha 1024 ndio uchanganye. Na kama kadi ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta, kibonyeze, halafu zima traki yako kwenye programu usije ukajisikia mara mbili. Changu nilikaa nacho miaka miwili nikidhani pambo.