Laibrari ndogo ya opensosi kwenye mfumo wa mteja, niiweke au niandike mwenyewe?

kijana_sinza
Wakuu habari za jioni. Natengeneza mfumo wa duka moja la vitenge hapo Kariakoo, wateja watumiwe SMS mzigo ukishafika. Sasa namba wanazo kwenye Excel na zimeandikwa kila namna, kuna 0712, kuna +255 (0)712, nyingine Excel imekula sifuri ya mbele zimebaki 712, na geitiwei ya SMS (huduma ya kutuma meseji kutoka kwenye mfumo) inataka zianze na 255 basi. Nimekuta laibrari ndogo (kodi ya programu iliyoandikwa tayari na mtu mwingine) kwenye npm, ghala la mtandaoni la kodi za JavaScript, inayonyoosha hizo namba, fayili moja tu, ila haijaguswa zaidi ya miaka mitatu na leseni sijaiona popote. Nyie mngefanyaje? Mfumo naukabidhi, sitaki kumwachia mtu bomu.

fundi_mbezi
Leseni kwanza mkuu. Kodi ya programu kuwa wazi GitHub, mtandao wa kuwekea kodi, haimaanishi ni ya bure, kama hakuna leseni mwenye nayo bado ana haki zake zote. Ingekuwa na leseni huru ya MIT unaiweka hata kwenye kazi ya kuuza, ilimradi ubaki na notisi yake ya hakimiliki. Mwandikie hapo GitHub kwa kumfungulia ishu, umuombe aweke, wengi huwa wanasahau tu. Hiyo miaka mitatu isikutishe, kazi ndogo ikishakamilika imekamilika.

dada_bekiendi
Mi ningeandika mwenyewe. Toa kila kisicho tarakimu, chukua tisa za mwisho, hakikisha inaanza na 6 au 7, bandika 255 mbele. Namba za mezani za 022 zitakataliwa zenyewe na ndo unachotaka. Machi 2016 laibrari ya left-pad iliondolewa npm na mwenyewe, mistari 11 tu ile, projekti kibao duniani zilizoitegemea zikagoma kubildi. Kwa nini ujifunge kwa kitu unachoweza kuandika kabla chai haijapoa?

mzee_wa_seva
Dada hapo kwenye tisa za mwisho naomba nipinge kabisa. Kariakoo wananunua Wakenya, Wakongo, Wazambia, Wakomoro. Mkenya akiandika +254 712 na kuendelea, kodi yako inakata 254 inabandika 255, na SMS ya mzigo wake inaenda kwa Mtanzania asiyejua lolote, wala hakuna erori itakayoonekana popote. Tumia libphonenumber-js, laibrari ya namba za simu za nchi mbalimbali, leseni yake MIT, unaipa 'TZ' kama nchi ya kuanzia na ikikuta +254 inajua hii ni ya Kenya.

Ila funga vesheni isijibadilishe: package-lock.json (fayili inayotaja vesheni kamili) iingie git pamoja na kodi yako, na kwenye seva tumia npm ci, amri inayosakinisha vesheni hizo hizo. Mwaka 2018 laibrari ya event-stream ya npm ilikabidhiwa kwa mtu aliyejitolea kusaidia, akaingiza pakeji ya kuiba bitcoin. Kwa hiyo hata apudeti isome kwanza ndo uikubali.

dada_bekiendi
Hiyo ya Kenya ni kweli mzee, nakubali, hapo laibrari inastahili.

kijana_sinza
Shukrani sana wakuu. Nimecheki ile Excel, +254 zipo na +260 za Zambia zipo, kwa hiyo naenda na libphonenumber-js. Zile inazozikataa nizifute?

mzee_wa_seva
Usifute hata moja, huyo ni mteja wa watu. Ziweke pembeni pamoja na jina, dukani wazipitie kwa mkono.