Kikundi cha Ukoo, Mbagala: Zuhura katoka kutembea Berlin

*Jumapili, saa tano asubuhi*

Mama Zuhura: Asalaam aleykum ndugu zangu mmeamkaje. Huku mvua toka alfajiri njia ya stendi imejaa maji Idrisa bajaji kaipaki. Zuhura mwanangu umeamka?

Zuhura: Waaleykum salaam mama, shikamoo. Shikamooni wakubwa wote. Nimeamka, huku ndo saa tatu, niko kituoni nasubiri basi. Leo siko zamu nimeamua natoka

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Alhamdulillah umetoka! Maana kila nikikupigia umejifunika blanketi, hospitali chumbani, hospitali chumbani, nikamwambia mama yako huyu mtoto ataugua mawazo

Zuhura: Shangazi we acha tu. Jumapili ndo ngumu kuliko siku zote, maduka yamefungwa, supamaketi imefungwa, kelele hairuhusiwi, juzi juzi hapa jirani kaja kugonga mlango nimewasha blenda mchana kweupe. Na mwezi huu wa kumi na moja saa kumi jioni jua linazama unabaki unaangalia dirisha. Nyumbani saa hizo ndo watu wanatoka barazani, muuza kahawa anapita anagonga vikombe vyake. Huku usipotoka hakuna anayejua upo au haupo

Mamdogo Saida: 😢 pole mwaya. Ndo leo unaenda wapi

Zuhura: Kuna dada wa Kenya tunasoma naye unesi kaniambia panda basi namba 100, ni basi la kawaida la tiketi ya kawaida ila linapita kote wanakopelekwa watalii, nisijesumbuka kulipia yale mabasi ya watalii. Linaanzia Zoo linaishia Alexanderplatz

Idrisa: Daladala la utalii 😂 konda yupo?

Zuhura: Hamna konda mdogo wangu. Na kwenye treni hamna hata geti unaingia tu, lakini siku ukikaguliwa huna tiketi ni euro 60 na maelezo yako hawayataki

Idrisa: Si zaidi ya laki na nusu hiyo?? Kata tiketi dada

Mjomba Hamisi: Zuhura panda ghorofani ukae siti ya mbele kabisa.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Nishakaa hukohuko 😄

Mjomba Hamisi: Marahaba. Tupe habari.

Zuhura: Tumepita nguzo ndefu ina malaika wa dhahabu juu, tumepita ikulu ya rais, bunge lao lina kuba la vioo watu wanapanda juu bure ila lazima ujiandikishe kabla, ntaenda siku nyingine. Sasa hivi nimeshuka Brandenburg Gate. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Picha hizo

Shangazi Mwajuma: MashaAllah koti limekupendeza

Mama Zuhura: Kofia iko wapi Zuhura

Zuhura: Mfukoni mama nimeivua nipige picha

Mjomba Hamisi: Hapo uliposimama ule Ukuta wa Berlin uliougawa mji ulipita mbele ya hilo geti. Wameujenga 1961, ukafunguliwa Novemba 1989, mi nimeanza kufundisha tukaisikia redioni, shule nzima hatujui tuwaeleze nini wanafunzi maana ramani ya darasani ilikuwa na Ujerumani mbili. Na hapo karibu kuna mtaa unaitwa Wilhelmstraße, ndiko Wazungu walikokaa 1884 mpaka 1885 kugawana Afrika. Ukipita upite unajua.

Zuhura: Nimepita mjomba. Magari yanapita watu wanakunywa kahawa zao. Nimesimama kidogo nikaondoka, sikutaka kukaa pale

Mama Zuhura: Umekula?

Zuhura: Nimekula mama, mkate na chai ya tangawizi. Sasa naingia makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, mjomba kanisisitiza toka niko Dar nikamuone mjusi wa Lindi, yule dinosaria. Netiweki ikikata mjue niko ndani

*Saa nane mchana*

Zuhura: Jamani

Zuhura: JAMANI

Mamdogo Saida: Kuna nini tena

Zuhura: Nimeingia mlango mkubwa, ukishapita tu huyo hapo mbele yako, hamna kumtafuta. Shingo imepanda imepanda mpaka chini ya paa la vioo. Mita 13 na ushee kwenda juu, ni kama ghorofa nne. Watu wanaingia wanaongea wakimuona wananyamaza. Mi nimesimama tu na mkoba wangu nimesahau hata kuvua koti

Idrisa: Tuma video dada bando ninalo leo

Zuhura: Inapanda. Sikilizeni, kuna mfupa wa mguu wa mbele, ule wa juu kuanzia begani, huo peke yake mita 2 na zaidi. Mi nimesimama kando yake unanipita. Rangi yake kahawia ya udongo mweusi, una nyufa zimezibwa zibwa unaona kabisa vilikuwa vipande vikaunganishwa. Na maandishi yamesema Tendaguru. Ni Lindi yetu hii

Shangazi Mwajuma: Subhanallah. Mi nilijua hadithi tu za shuleni

Mjomba Hamisi: Hadithi wapi. Sikilizeni niwape vizuri na vijana wasome. Tendaguru ni kilima, Lindi vijijini, kaskazini magharibi ya mji. Mwaka 1906 injinia Mjerumani aliyekuwa anatafuta madini ndiye aliyeripoti mifupa kwao, wenyeji walikuwa wanaiona siku zote inatokeza ardhini. Uchimbaji ukaanza 1909 mpaka 1913. Sasa shikeni hapo. Maji Maji imeisha 1907. Watu wa kusini wametoka vitani, mashamba yamechomwa, njaa imeua watu kuliko hata risasi, halafu miaka miwili baadaye ndo haohao wanashika majembe wanachimba na kubeba. Gari hamna, reli hamna, mnyama wa mizigo hamna kwa ajili ya mbung'o. Ni kichwani na mabegani, siku kama nne kwa mguu mpaka bandari ya Lindi, ndo meli. Zaidi ya tani 200 zimeondoka hivyo. Mijusi mingine mingi kwenye huo ukumbi, Kentrosaurus yule mwenye miiba, Dicraeosaurus, wote ni wa hapohapo Tendaguru. Huyo mkubwa anaitwa Giraffatitan, alikuwa hai kama miaka milioni 150 iliyopita, wamemsimamisha hapo 1937.

Mamdogo Saida: Mwalimu hajastaafu huyu

Zuhura: Mjomba picha ya wapagazi uliyonitumia nimeifungua nikiwa nimesimama hapohapo chini ya mjusi. Wanaume wamepanga mstari kila mtu na mzigo wake, wengine wawili wawili wamening'iniza mfupa kwenye mti. Nimeangalia simu nimeangalia juu, nimeangalia simu nimeangalia juu

Idrisa: Bibi anasikiliza nimemsomea yote. Kasema nirekodi voisi lakini mvua inapiga bati haisikiki ngoja niandike anavyosema

Idrisa: Bibi anasema: "Mwambie mke mwenzangu, bibi yangu mimi mzaa mama alikuwa anatuhadithia, vijana wa kwao walikuwa wanabeba mawe ya Mdachi kupeleka pwani, mawe makubwa yamefungwa majani na udongo, mtu anarudi shingo haigeuki. Na hawakuambiwa ya nini. Walisema labda Mdachi anajenga. Sasa mwambie ayaangalie vizuri kwa macho yangu, mimi sitafika huko"

Zuhura: 😭😭 Bibi shikamoo. Nayaangalia bibi

Mama Zuhura: Mama kanyamaza sasa hivi, kajifunika kanga

Shangazi Mwajuma: Mi nasema warudishe. Kila kitu chetu kiko kwao, mtoto mpaka apande ndege ndo aone kitu cha kwao! Watalii wangekuja Lindi, mama ntilie wangeuza, gesti zingejaa, watoto wetu wasingekimbilia Dar kuuza maji barabarani

Mamdogo Saida: Dada virudi viwekwe wapi lakini, vile vitu vinataka jengo, vinataka wataalamu, sio kulaza kwenye stoo

Shangazi Mwajuma: Jengo linajengwa Saida. Waliochukua wachangie jengo, wasomeshe na vijana wa kulitunza. Miaka yote hiyo wameuza tiketi kwa mijusi yetu

Mjomba Hamisi: Mwajuma naungana na wewe. Na mi naongeza, hata kabla ya kurudi waandike majina. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani, ndiye alikuwa anasimamia na kuitengeneza ile mifupa ivuke salama. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru kapewa jina la kisayansi kwa ajili yake, Australodocus bohetii. Nani humu ndani alikuwa analijua? Mtoto wa darasa la nne Mbagala alijue hilo jina kabla ya kujua jina la Mzungu yeyote aliyekwenda pale.

Idrisa: Mi ndo nalisikia leo

Zuhura: Mi nawaambia kilichonitokea hapa halafu mseme. Kuna mzee wa Kijerumani yuko na wajukuu zake wawili, yule wa kike anauliza maswali mfululizo, babu anamwambia wametoka Afrika. Mtoto anauliza Afrika wapi, babu kimya. Nikasogea nikasema kwa Kijerumani changu, wametoka Tanzania, Lindi, kwao bibi yangu. Mzee kanigeukia akasema kweli? Nikamwambia kweli, na waliobeba ni watu wa kijiji cha bibi yangu na vya jirani, kwa vichwa, siku nne. Nikamuonyesha ile picha. Yule mtoto kaishika simu yangu kaikuza na vidole anawaangalia mmoja mmoja, anauliza huyu anaitwa nani, na huyu. Nikamwambia hawa majina yao hatunayo. Akaniambia hiyo sio haki. Ana kama miaka saba hivi

Mama Zuhura: Mwanangu

Zuhura: Mama hapa nilipo nimeongea Kijerumani robo saa nzima sijatetemeka. Wodini wakiniuliza kitu nafikiria kila neno mara mbili, naogopa kukosea nacheka tu. Leo nilikuwa na cha kusema kikatoka chenyewe. Mzee kanishukuru kanipa mkono, ndo mtu wa kwanza Berlin nje ya kazi kuniuliza habari za kwetu akasubiri mpaka nimalize

Mamdogo Saida: Haki nasisimka

Mjomba Hamisi: Sasa hapohapo panda treni U6 kwenda kaskazini, usibadilishe, shuka Afrikanische Straße. Kuna kitu nataka ukione kabla giza halijaingia.

*Saa kumi na moja na nusu jioni*

Zuhura: Mjomba nimefika. Hii mitaa yote majina ya Afrika, kuna mtaa wa Togo, wa Kamerun, nimepita Sansibarstraße nikapiga picha nimtumie Asha wa Unguja. Na hiki ndo ulichonituma, angalieni kibao

Zuhura: *[picha]*

Shangazi Mwajuma: MAJI-MAJI-ALLEE?? Berlin???

Mjomba Hamisi: Berlin. Huo mtaa ulikuwa unaitwa Petersallee, kwa Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni lao huku kwetu, yule wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Watu weusi wanaoishi humo na Wajerumani wenzao wamehangaika miaka na miaka mpaka Agosti 2024 jina limetoka. Kipande kimoja Maji Maji, kipande kingine Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia. Na mwaka 2023 rais wao Steinmeier alikuja Songea, makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha. Mi naona kibao cha mtaa kina uzito wake, maana postamani anakiandika, mtoto anakisoma akienda shule.

Idrisa: Bibi anauliza watu wanakaa kweli mtaa huo au ni kumbukumbu tu

Zuhura: Wanakaa! Maghorofa, baiskeli zimefungwa nje, kuna mama anakung'uta zulia dirishani. Mtaa wa kawaida kabisa, miti imepukutisha majani yote unatembea juu ya majani. Nimetembea mwanzo mpaka mwisho nikarudi. Kuna duka la vyakula vya kiafrika limefungwa si Jumapili, lakini dirishani nimeona ndizi mbichi na unga wa muhogo. Kumbe ni treni moja tu kutoka ninapobadilishia kwenda kazini na sikuwahi kujua

Mama Zuhura: Sasa baridi hiyo na giza ule kitu cha moto urudi. Na uangalie nyama

Zuhura: Niko kwa Waturuki mama, halali, wana mkate wanajaza nyama na kabichi. Mwenye duka kaniitikia salamu kwa sauti, waaleykum salaam na mkono kifuani. Kanijazia na pilipili nilivyomwambia weka nyingine, weka tena, anacheka

Shangazi Mwajuma: Kula mwanangu kula

Zuhura: Jumamosi jioni natoka zamu mapema, nishamwambia yule dada wa Kenya tukutane hapo kwenye duka tununue ndizi na nazi, aje kwangu tupike. Na jirani wa blenda ntampelekea sahani, yule bibi anakaa peke yake. Mama nielekeze tena ile ndizi nyama yako, ya nazi nzito

Mama Zuhura: Ntakurekodia voisi usiku mvua ikikatika. Nazi ya kopo usiitie yote mwanzoni, ubakishe nzito ya mwisho. Ukifika chumbani useme

Idrisa: Bibi anataka ile picha ya wapagazi isafishwe iwekwe kwenye fremu, na ya Zuhura amesimama na mfupa. Mi nazipeleka studio pale Rangi Tatu kesho

Mjomba Hamisi: Safisheni nakala mbili, moja naipeleka shule. Na mwezi wa saba, mvua zimeisha, njia imekauka, nataka tufike Tendaguru wenyewe kama familia. Bibi tutamkodia gari kutoka Lindi mjini mpaka atakapoweza. Zuhura omba likizo mapema, huko si mpaka uandike barua?

Zuhura: Naandika kesho asubuhi mjomba

Idrisa: Kesho nikishatoka studio napita stendi kuulizia nauli ya Lindi. Watu wangapi tuhesabu?

Shangazi Mwajuma: Mimi nipo

Mamdogo Saida: Mimi na watoto wawili

Mama Zuhura: Bibi kanyoosha mkono hapa