Tupeane uzoefu: mipangilio ya usalama ya kukagua ukishapandisha Windows 10 hadi Windows 11

Fundi_Ntinda
Wakuu, Windows 10 iliacha kupewa viraka vya bure vya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kazi ya kupandisha mashine haijaisha. Kinachonisumbua ni hiki: watu wanadhani kupandisha ni kusafisha. Programu, akaunti na mipangilio mingi huhama jinsi ilivyokuwa, mizuri na mibaya. Leteni mnachokagua, hatua kwa hatua.

Mimi naanzia kwenye Defender, antivairasi ya Windows yenyewe. Ili kraki (programu ya kukwepa leseni) ya Windows au Office ifanye kazi, aliyeiweka huiambia Defender isiguse folda fulani, mara nyingine diski C nzima. Ruhusa hiyo hubaki baada ya kupandisha, na alama ya kijani ya Windows Security haiondoki kwa sababu yake. Ndani ya Windows Security fungua "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", shuka hadi "Exclusions", bofya "Add or remove exclusions". Mashine ya kawaida ya nyumbani haitakiwi kuwa na chochote hapo. Ukiona C:\, folda ya Temp au faili lenye herufi KMS, ondoa. Anayependa amri afungue PowerShell kama msimamizi aandike:

Get-MpPreference | Select-Object Exclusion*

Halafu endesha ukaguzi wa "offline scan". Mashine inajizima na kuwaka yenyewe, inachukua kama dakika 15, kwa hiyo laptop iwe kwenye chaji. Ukaguzi wa kawaida hautoshi hapa, maana kirusi kilichokwisha ingia kinaweza kujificha Windows ikiwa inafanya kazi. Mwisho hakikisha "Tamper Protection", kinga inayozuia programu nyingine kubadilisha mipangilio ya Defender, imewashwa.

Dada_Mbarara
Asante fundi. Niongeze: kama kuna antivairasi ya kulipia iliyoisha muda, iondoe kabisa kisha uwashe mashine upya. Ikiwepo, Defender inaweza kukaa pembeni ikidhani mwenzake yupo kazini.

Netiweki_Jinja
Mimi, humo humo Windows Security, naenda "Device security", kisha "Core isolation details". "Memory integrity", kinga inayozuia programu mbaya kuingia kwenye kiini cha Windows, mara nyingi unaikuta imezimwa, na ukijaribu kuiwasha inakataa kwa sababu ya draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya zamani. Bofya "Review incompatible drivers" usome jina. Diski za nje za WD (Western Digital) zinajulikana kwa kuacha wdcsam64_prewin8.sys. Draiva za printa za miaka mingi nazo zichunguze.

Kwanza tafuta toleo jipya la draiva kwa mtengenezaji. Kama halipo na kifaa hukitumii, angalia "Published name", mfano oem12.inf, halafu kwenye dirisha la amri la msimamizi:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Nambari isome kwenye mashine yako mwenyewe, usinakili hii yangu. Ukifuta ya diski au ya Wi-Fi umejitafutia kazi nyingine. Kama orodha haina kitu na bado inakataa, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uone kama virtualization imewashwa.

Mzee_wa_Gulu
Ndugu zangu, ufunguo wa diski ndio unaoliza watu. Kupandisha peke yake hakufungi diski kwa ufunguo wa siri (encryption). Lakini mafundi wengi huweka Windows 11 upya kabisa, na kuanzia toleo la 24H2, ukiweka upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine inayofaa hufunga diski yenyewe bila kelele. Ufunguo wa tarakimu 48 unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika wakati huo. Fundi akitumia barua pepe yake ili amalize haraka, ufunguo wako uko kwake. Siku ukiuhitaji, huyo fundi kahama mtaa.

Kagua leo kwa manage-bde -status C: na ukiona asilimia 100, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Nakili tarakimu zote kwenye karatasi, weka mbali na laptop. Mashine ikiwa na akaunti ya fundi, ingia kwa yako, zima "Device encryption", subiri diski ifunguke yote, kisha iwashe upya ili ufunguo mpya uende kwako.

Kuna jambo dogo kwenye mashine zilizotumika. Betri ya ubao, ile ya sarafu CR2032, ikifa, tarehe inarudi nyuma na baadhi ya mashine husahau mipangilio ya BIOS. TPM, sehemu ya mashine inayotunza funguo za usalama (kwa Intel huitwa PTT, kwa AMD fTPM), ikizimika, PIN inagoma na skrini ya bluu inadai ufunguo. Tarehe ikiwa mbovu, tovuti nazo zinalalamika kuwa si salama. Watu wanalaumu Windows, kumbe betri. Ukishabadilisha, rekebisha saa. Kampala haimo kwenye orodha ya majira, chagua "(UTC+03:00) Nairobi".

Ofisi_Kabalagala
Baada ya kupandisha hadi 24H2 Pro, folda ya pamoja ya ofisini haifunguki tena. Faiwoli inatakiwa kuzimwa?

Netiweki_Jinja
Hapana ndugu, usizime faiwoli. Angalia kwanza kama mtandao umewekwa "Public". Wa ofisini uwe "Private", wa hotelini au mkahawani uache "Public". Pili, 24H2 Pro haikubali kuingia kama mgeni asiye na nywila. Kwenye mashine inayoshiriki folda, tengeneza akaunti yenye nywila, uipe ruhusa kwenye folda hiyo tu, kisha wengine waingie kwa jina hilo. Ukifuata maelekezo ya kurudisha kuingia kama mgeni bila nywila, folda yako imebaki wazi kama zamani.

Bando_Arua
Upande wa bando: wengi wanaweka Wi-Fi ya simu kuwa "Metered connection". Sawa, ila viraka vingi havitashuka vyenyewe, basi tenga siku ya kubonyeza "Check for updates". Ofisi yenye mashine kadhaa iende "Delivery Optimization" ichague "Devices on my local network", mashine zigawiane kilichokwisha shuka.

Na walioingiza 11 kwa Rufus (programu ya kuandaa flash ya kuwekea Windows) kwenye mashine zisizokidhi masharti: toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, unalipandisha kwa mkono. Asiyetaka hivyo anaweza kubaki na 10 kwa mpango wa ESU (viraka vya usalama vya nyongeza), kwa watumiaji wa nyumbani viraka hadi 13 Oktoba 2026.

Dada_Mbarara
Windows.old, ile folda ya Windows ya zamani, tufute lini?

Fundi_Ntinda
Usiiguse mpaka umalize ukaguzi. Una siku 10 za kurudi nyuma. Zisipotosha, kabla hazijaisha andika kama msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Ukitaka kuuza mashine, futa Windows.old kabla ya kuitoa mashine mkononi, maana ndani ya folda hiyo mna mafaili ya watumiaji wa zamani.