Yule aliyevuta ringi za boksi faili langu kwa vidole, uzi huu ni wako

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka. Simtaji, kila ofisi inaye na nyote mnamjua: panchi hana, stepla yake haijaonekana tangu uhuru. Asubuhi kaazima boksi faili langu la hati za malipo. Nimelipanga kwa tarehe, kila mwezi na kadi yake ya rangi, kila risiti nyuma ya hati yake, maana wakaguzi wako njiani.

Lile faili lina mkono wa chuma. Unauinua, ringi zinaachia zenyewe. Yeye kazivuta kwa vidole! Kazivuta mpaka moja inatazama Kigoma, nyingine Tanga. Nimelinyanyua tu, hati zote zimemwagika koridoni, na upepo ulivyokuwa! Niko magotini naokota, Machi imeingia Julai, risiti hazina baba wala mama, yeye kasimama juu yangu ananiambia: "Si karatasi tu hizo?"

KARATASI TU! Posho zake zote za safari zimepita kwenye hizo karatasi tu. Na hakuinama kuokota hata moja. Kasimama pale pale. Karatasi tu!

Fundi Stoo: Pole mkuu. Hizo ringi usihangaike kuzigonga na nyundo, hazikutani tena vizuri, karatasi zitakwama na kuchanika matundu. Hamishia faili jipya.

Mzee wa Kijiweni: Mtu mzima unalilia faili? Funga na kamba ya katani, ulale.

Mleta uzi: Sililii faili! Nalilia lile neno, nikiwa magotini!

Mama Masjala: Afadhali wako kavuta. Wangu anatoboa kwa kukisia. Matundu yanaachana milimita 80, unakunja A4 katikati, mkunjo unaukalisha kwenye alama ya panchi, kwisha. Yeye kila karatasi na kimo chake, faili linajaa kabla ya wakati. Juzi kapiga tundu katikati ya muhuri!

Mbeba Boksi: Nyie mna nafuu. Huku Marekani ringi tatu, na karatasi zao fupi na pana kuliko A4. Faili nililotoka nalo Dar nimeishia kuwekea picha.

Fundi Stoo: Soennecken, yule Mjerumani wa vifaa vya ofisi kule Bonn, alisajili faili na panchi yake tangu 1886 ili mambo haya yaishe. Leo mtu anavuta kwa vidole.

Mzee wa Kijiweni: Mbeba Boksi, hizo za ringi tatu, panchi yake unaipata bei gani?

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa koridoni.

Mama Masjala: Ngoja kwanza. Kuna mtu kaondoka na panchi yangu kubwa, ile inayotoboa rundo zima kwa mpigo. Yumo humu humu anasoma. Irudi kabla ya Jumatatu!